Mkeka wa Watu Watatu

Kila Ijumaa jioni, msimu wa mpira ukishaanza, simu ya Verna Trezise ililia mlio mmoja tu, na kila Ijumaa Verna aliiacha ikae pale juu ya friji kwa muda kabla hajaigusa, asije akaonekana ana kiherehere. Aonekane na nani, wakati nyumba nzima ni yeye na birika? Lakini ndivyo alivyoumbwa, mwanamke wa miaka sabini na moja mwenye shingo ngumu, na shingo ngumu haihitaji watazamaji.

Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja. Leo ulisema "Mwewe." Hakuna salamu, hakuna mama umeshindaje, hakuna hata habari za mvua. Jina la timu, basi. Ulitoka kwa Tamsin, binti yake wa pekee, aliyekuwa dereva wa malori kwenye mgodi wa chuma huko magharibi ya mbali, safari ya ndege mbili kutoka Wallaroo, mji wao mdogo wa bandari kusini mwa Australia. Verna naye alijibu kwa neno moja, "Nimepata," kisha akakaa na simu mapajani mpaka chai ikapoa. Alimkumbuka yule mtoto hadi meno yakamuuma. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na sita, lakini hiyo haisaidii kitu.

Neno lile lilikuwa la mkeka. Marehemu Kel, mume wa Verna, alifanya kazi maisha yake yote kwenye maghala ya ngano pale bandarini, na kila Jumamosi ya msimu alikwenda baa kubeti mkeka, yaani tiketi moja yenye timu tatu, wa watu watatu: yeye, mkewe, na binti yao. Kila mtu timu yake, na hakuna kumchagulia mwenzio. Tamsin alichagua kwa kufuatilia, nani kaumia, nani anacheza ugenini. Verna alichagua kwa jezi. Kel alichagua klabu yake aliyozaliwa ndani yake, wiki hii na ijayo na ile nyingine. Jina la klabu hiyo silitaji. Wenyewe wana aibu ya kutosha.

Sheria ya pili ndiyo iliyokuwa ya chuma: mgao ni mezani. Mkeka ukilipa, Kel alirudi na samaki kwenye karatasi, akipiga kelele tangu getini, "Mezani! Mezani, jamani!" Na hela haikugawanywa mpaka watatu wote wamekaa, viazi vimekaangwa, chupa ya sosi iko katikati. Tamsin alipokuwa anasoma Adelaide alipandishwa basi kurudi nyumbani kwa ajili ya dola mbili tatu. Nauli ilikuwa dola thelathini, na Kel ndiye aliyeilipa.

"Huyu mzee ana wazimu," Verna alikuwa akisema, huku anageuza viazi.

"Wazimu wangu una adabu," Kel alikuwa akijibu. "Mgao hautumwi kwa benki."

Kisha Kel akaugua mapafu, na Tamsin akasema atakuja wiki ijayo, na wiki ijayo haikumngoja. Akafika siku ya mazishi, viatu bado vina vumbi jekundu la mgodi. Waombolezaji walipoondoka Verna alimgeukia pale jikoni akasema neno ambalo hata mimi ninayesimulia naona tabu kulirudia. Alisema, "Umekuja kuzika. Kuuguza kulikushinda."

Tamsin hakulia. Alikuwa amerithi shingo ile ile. Alichukua begi lake, na mlangoni akasema bila kugeuka, "Timu yangu nitakutumia kila Ijumaa, kwa ajili ya Baba. Ukiniita mezani nitakuja, hata nikiwa mwezini. Mezani tu, Mama. Kwa lingine lolote usinisumbue."

Utasema, si angepiga simu tu, akasema mwanangu nisamehe, njoo nyumbani? Wewe hujawahi kuishi na watu wa aina hii. Verna alilishika neno la mlangoni kama mtu aliyetupiwa kamba: mkeka ukilipa, atakuwa na haki ya kumwita, na Tamsin atakuwa na sababu ya kuja, na hakuna atakayekuwa ameshuka mbele ya mwenzake. Kilichobaki ni mkeka ulipe.

Misimu miwili sasa ulikuwa haujalipa.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda baa, akasimama kwenye dirisha la kubeti, akamwambia Rosalba, "Nipe ile ya Kel," akamtajia timu tatu za wiki. Rosalba, mama wa makamo aliyeolewa Wallaroo kutoka familia ya wavuvi wa Port Pirie, hakuuliza chochote. Alibonyeza mashine yake, tiketi ikatoka, Verna akalipa dola nane, akarudi nyumbani. Kabla ya hapo hakuwahi kuangalia mpira maishani mwake. Sasa aliangalia mechi zote tatu, mikono kaifunga kwenye aproni ya jikoni, akiwaombea vijana asiowajua. Timu ya Tamsin ilishinda mara nyingi, maana yule mtoto ana jicho. Timu ya jezi nzuri nayo haikuwa mbaya. Lakini klabu ya Kel! Ilifungwa jua, ikafungwa mvua, ikafungwa hata siku ambayo wapinzani walikuwa pungufu. Na kila ilipofungwa Verna alisema, "Basi, mkeka umechanika," akaikunja tiketi, akaitupa kwenye pipa pamoja na maganda.

Angeweza kumwekea marehemu timu nyingine. Wazo hilo lilimjia na akaliona aibu. Hakuna kumchagulia mwenzio, na aliyekufa ni mwenzio zaidi ya aliye hai, maana hawezi kubisha.

Sasa Jumamosi hii ilikuwa ya mwisho katika msimu. Baada ya hapo huwa ni kiangazi, mpira hakuna, na Ijumaa simu hailii. Kiangazi kilichopita Verna alikaa nusu mwaka bila kupata hata lile neno moja, na hiyo ndiyo miezi aliyozeeka. Alijua hataweza tena. Alivaa koti lake jema, akatia rangi midomoni, kama anakwenda kuomba kitu kwa mkubwa.

Na dhoruba ya Alhamisi ilikuwa imeng'oa antena ya nyumba yake. Kwa hiyo, baada ya kuchukua tiketi, Verna hakurudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza alivuta kiti pale pale baa, mbele ya runinga kubwa, akaagiza soda ya limau.

"Hee, Mama Tamsin leo yuko nasi!" akasema mzee mmoja wa kwenye maghala, aliyefanya kazi na Kel. "Umekuja kuisindikiza maiti?"

"Maiti ipi?"

"Klabu ya mumeo. Mwenzetu alikuwa na mapenzi ya kweli, jamani. Mimi mke wangu akifungwa hivyo kila wiki, namrudisha kwao."

"Mkeo ndiye angekurudisha kwenu," Verna akamjibu, "ila anaona huruma, mama yako hana pa kukuweka."

Baa ikacheka, na mzee akamnunulia soda ya pili.

Mechi ya kwanza, timu ya jezi nzuri ikashinda. Ya pili, Mwewe wa Tamsin wakashinda, lakini kwa taabu, dakika za mwisho, Verna kasimama bila kujua amesimama. Mbili zimeingia. Ikabaki klabu ya Kel. Na niseme haki: siku ile walicheza. Mpira wa kwao una robo nne: ya kwanza waliongoza, ya pili waliongoza, na Verna alikwishaanza kufikiri ni shuka zipi ataweka kwenye kitanda cha Tamsin, zile za maua au zile nyeupe. Robo ya nne ikaja. Nadhani mnajua. Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji wa klabu ya Kel walikuwa wamekaa chini kwenye nyasi.

Verna alihisi kiangazi chote kimemkalia kifuani. Aliikunja tiketi ndogo, ndogo zaidi, akasogea dirishani, akaidondosha kwenye kikapu cha takataka kilicho chini ya kaunta, akaanza kufunga vifungo vya koti.

"We, Mama Tamsin!" Rosalba akapaza sauti. "Unafanya nini wewe?"

"Naenda nyumbani."

"Na hiyo tiketi?"

"Umechanika. Hukuona? Kel kafungwa."

Rosalba akamtazama kama anayetazama mtu anayevaa kiatu kichwani. Akainama, akaitoa tiketi kwenye kikapu, akainyoosha juu ya kaunta kwa kiganja. "Kel kafungwa, sawa. Na wewe je?"

"Mimi nimeshinda."

"Na Tamsin?"

"Kashinda."

"Sasa kilichochanika ni nini, bibie?"

"Rosalba, usinichoshe. Ni watu watatu. Lazima watatu."

"Nani kakwambia?"

Verna akajiuliza. Nani alimwambia? Hakuna. Alijua tu, kama mtu anavyojua mambo ya nyumba yake.

Rosalba akachukua glasi tatu tupu kwenye kaunta, akazipanga. "Njoo hapa. Mkeka wa kawaida, ule wa vijana, ni mmoja: mmoja akianguka, wote kwisha, nenda kalale. Mzee wako hakuwahi kubeti hivyo hata siku moja. Wake ni wa mzunguko. Ndani ya hii tiketi moja kuna mikeka minne, ndiyo maana unalipa dola nane: mbili, mbili, mbili, mbili. Wa kwanza ni wewe na Kel." Akagonganisha glasi mbili. "Wa pili ni Kel na Tamsin. Wa tatu ni wewe na Tamsin. Na wa nne ndio wote watatu pamoja. Umeelewa?"

"Naelewa."

"Haya. Kel kaanguka." Akaondoa glasi moja. "Wa kwanza umekufa, wa pili umekufa, ule mkubwa umekufa. Umebaki upi?"

Verna akazitazama zile glasi mbili zilizobaki kwenye kaunta.

"Wewe na Tamsin," Rosalba akasema. "Huo haukuguswa. Timu yako ilikuwa na odi, ile namba ya kuzidishia hela, ya moja na nusu, yake mbili nukta moja. Unazidisha moja kwa nyingine, halafu unazidisha na zile dola mbili. Sita na senti thelathini. Hela yako hii hapa."

"Nimetoa nane nikapata sita?"

"Ndiyo. Wawili wakiingia kwa odi ndogo, mara nyingi unarudi na hasara kidogo. Wangeingia wote watatu, na Kel alikuwa na odi ya tano, mikeka yote minne ingelipa, ungeondoka na sabini na tatu na senti themanini. Nilimwambia mara nyingi, Kel, badilisha hiyo klabu utafilisika. Unajua alinijibu nini? 'Rosalba, mimi sili hela, nakula viazi.' Mbili zikiingia tu, anachukua vijisenti vyake, anaongeza za mfukoni, huyoo dukani kwa samaki."

Hapo Verna akakumbuka. Tamsin wa miaka tisa, magoti juu ya kiti, anapiga kelele: Baba, wewe umefungwa, kwa nini unapata fungu? Na Kel kapanga viazi vitatu mezani, anaondoa kimoja, anauliza, mikeka mingapi imekufa? Mitatu! Umebaki? Mmoja! Na yeye Verna, mgongo umewageukia, mafuta yanachachatika, anasema, toeni viazi vyangu mezani navihitaji. Alisikia yote. Hakusikiliza hata moja.

"Rosalba," akasema taratibu, "hii imewahi kutokea? Kabla ya leo? Mimi na yeye?"

"Mara nyingi tu. Nilidhani tiketi unazipeleka kule klabu ya wazee, wana mashine ya kulipa tiketi." Rosalba akauona uso wa mwenzake. "Mama Tamsin. Ulikuwa unazipeleka wapi?"

Verna akazichukua zile sarafu akatoka bila kuaga.

Jikoni aliziweka mezani, chini ya chupa ya sosi. Hakuvua koti. Alipiga namba ambayo kwa misimu miwili hakuwa ameipiga, akasikiliza ikiita, na kila ilivyoita alitamani ikatike na akaogopa isije ikakatika.

"Haloo?" Sauti ya Tamsin ilikuwa ya mtu anayejikinga. "Kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, we mtoto. Mezani."

Nyuma ya Tamsin kulikuwa na mtu anacheka, mlango ukafungwa, kicheko kikakatika.

"Umesemaje?"

"Nimesema mezani. Wangu wameshinda na Mwewe wameshinda. Baba yako kachapwa."

"Najua. Nimeangalia." Tamsin alivuta pumzi. "Naangalia zote, Mama. Na ile ya Pasaka niliangalia. Wako walishinda, wangu walishinda. Mbona hukuniita?"

"Tamsin—"

"Na ile ya mkesha wa Siku ya Mama? Ile nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kabla mechi hazijachezwa. Nilifungasha begi. Filimbi ilipolia nikakaa nalo mlangoni, simu mkononi, nikajisemea, anatafuta miwani yake, ndiyo maana anachelewa. Nilikaa mpaka giza. Wenzangu walinipita na kunirudia. Nikasema, sawa, hanitaki. Hata siku hii hanitaki. Na Ijumaa iliyofuata nikatuma tena. Sijui kwa nini nilikuwa natuma."

Verna alishika ukingo wa meza. Misimu miwili alikuwa ameketi hapa akiomba aruhusiwe kumwita mwanawe, na kule mwanawe ameketi na begi anangoja kuitwa, na ruhusa yenyewe alikuwa akiitupa na maganda ya viazi.

"Nilidhani lazima watatu," akasema.

"Watatu nini?"

"Washinde wote. Ndipo nikuite. Sikujua mwanangu, wallahi sikujua. Nilikuwa nangoja klabu ya baba yako ishinde."

"Ile klabu?"

"Hiyo hiyo."

"Mama. Ile klabu haijashinda tangu azikwe."

"Unaniambia mimi? Nimekaa nayo kila Jumamosi!"

Tamsin akacheka, na kicheko kikaenda kikageuka, na Verna akamsikiliza analia, na yeye machozi yakamshuka yakaharibu ile rangi ya midomo. Hakuna aliyemwambia mwenzake nyamaza.

"Baba alieleza kwa viazi," Tamsin akasema mwishowe. "Mara ngapi, Mama? Kila mwaka!"

"Nilikuwa nakaanga."

"Ungembadilishia timu, basi."

"Hakuna kumchagulia mwenzio."

"Hakuna," Tamsin akakubali.

Kisha Verna akalitoa lile jingine, maana sasa au kamwe. "Na lile neno nililokuambia siku ya mazishi. Kwamba kuuguza kulikushinda. Baba yako alikuwa anakutaja, na mimi sikuwa na wa kumpa. Nilikasirika kwa hilo. Hukustahili."

"Nilistahili kidogo," Tamsin akasema. "Tumepata ngapi?"

"Sita na senti thelathini."

"Tulitoa nane."

"Tulitoa nane."

"Nauli ya huku mpaka huko ni mia saba, Mama."

"Nitakulipia. Baba yako angekulipia."

"Hulipi kitu. Nafika Jumatano, basi la mchana." Akapenga kamasi. "Na usiigawe hiyo hela. Usiiguse. Mbili na senti kumi kila mtu, na fungu la Baba tutampelekea kule kule alikolala."

"Siigusi."

"Kweli?"

"Tamsin, nimesema siigusi."

Simu ilipokatika, Verna alivua koti akalitundika. Jumatano ilikuwa bado mbali. Akatoa viazi kapuni, akavuta kiti mpaka mezani, akaanza kumenya.